Wafalme Wamerudi, Mungu Amebaki: Tahakiki ya Filamu ya Dahomey

Filamu ya Dahomey, iliyoongozwa na Mati Diop, ina dakika 68 tu. Mwezi Februari 2024 ilitunukiwa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Kisa chake kinaweza kuelezwa kwa sentensi moja: mwezi Novemba 2021 Ufaransa iliirudishia Benin vitu 26 ambavyo majeshi yake yaliviteka Abomey mwishoni mwa karne ya 19. Tuliitazama jioni moja katika chumba cha mihadhara, picha zikimulikwa ukutani na maandishi ya Kiingereza yakipita chini yake. Ilipokwisha tulikaa kimya. Kisha mwenzetu mmoja aliyekuwa safu ya nyuma akauliza: "Sawa, wamerudi. Lakini wamerudi kwa nani?"

Makala hii ni jaribio langu la kumjibu. Nitadai kwamba Dahomey ni filamu nzuri inayouliza karibu maswali yote muhimu, ila kwa kumchagua mfalme awe msimulizi wake, imekubaliana bila kusema na uteuzi uliofanywa na serikali mbili. Serikali zilikubaliana kuhusu wafalme. Mungu alibaki Paris.

Nianze na historia. Dahomey ulikuwa ufalme wa Wafon, na makao yake yalikuwa Abomey, katika nchi ambayo leo inaitwa Benin. Tusiichanganye na mji wa Benin ulioko Nigeria, ambao sanamu zake za shaba zilichukuliwa na Waingereza mwaka 1897. Mwezi Novemba 1892 jeshi la Ufaransa chini ya Alfred Dodds liliingia Abomey. Mfalme Béhanzin alikuwa ameamuru majumba ya kifalme yachomwe moto kabla adui hajafika. Vilivyonusurika vilibebwa, na baadhi yake vikaishia katika jumba la makumbusho la Quai Branly jijini Paris.

Mwezi Agosti 2016 Benin ilipeleka ombi rasmi la kurudishiwa mali yake. Desemba mwaka huohuo Ufaransa ilikataa, kwa hoja kwamba kisheria kitu kilichokwisha kuingia katika makusanyo ya umma hakiwezi kutolewa tena. Tarehe 28 Novemba 2017 Rais Emmanuel Macron, akizungumza na wanafunzi wa chuo kikuu jijini Ouagadougou, alisema anataka ndani ya miaka mitano yapatikane mazingira ya kurudisha urithi wa Afrika, kwa muda au moja kwa moja. Mwaka uliofuata Felwine Sarr wa Senegal na Bénédicte Savoy wa Ufaransa walitoa ripoti iliyokadiria kuwa vitu vipatavyo 90,000 kutoka Afrika kusini mwa Sahara vimo katika makusanyo ya umma ya Ufaransa. Hatimaye, tarehe 24 Desemba 2020, ikapitishwa sheria. Sheria hiyo haikufungua mlango kwa vitu vyote. Iliviruhusu vitu 26 viende Benin na upanga mmoja, unaohusishwa na El Hadj Omar Tall, uende Senegal. Mlango ulifunguliwa kidogo, vikapita 27, ukafungwa.

Hapo ndipo filamu inapoanzia. Picha za kwanza ni za vijimnara vya Eiffel vinavyometameta usiku, bidhaa za wachuuzi wa barabarani jijini Paris. Ni ishara iliyochaguliwa kwa akili: Ufaransa inauza sanamu ndogo za mnara wake kando ya njia, huku sanamu za watu wengine zikiwa zimefungiwa ndani. Kisha tunaingia katika korido tupu za makumbusho, tukiangalia kwa jicho la kamera za ulinzi. Wafanyakazi waliovaa glavu wanafunga vitu katika masanduku. Sanduku la sanamu ya Mfalme Ghezo, yule mtu-ndege, linapofungwa, skrini inakuwa nyeusi, nasi tunabaki ndani pamoja naye tukisikiliza kelele za parafujo.

Katika giza hilo sanamu inasema. Hii ndiyo mbinu kuu ya kifani ya filamu nzima, nayo sisi tunaijua tangu sekondari kwa jina la tashihisi. Ghezo anazungumza Kifon kwa sauti nzito iliyochanganywa kwa mitambo, isiyoonekana kutoka kinywani mwa mtu mmoja. Analalamika kwamba jina lake limesahauliwa na sasa anaitwa kwa namba, 26. Anaogopa kwamba atakakofika hatatambuliwa, na yeye pia hatatambua kitu. Tashihisi nyingi tunazofundishwa darasani ni pambo tu: jua linacheka, upepo unanong'ona. Hapa tashihisi ni hoja. Kwa Wafon waliozitengeneza, sanamu hizi zilikuwa na nguvu ndani yake. Makumbusho ndiyo iliyozigeuza kuwa vitu. Kwa hiyo Diop anapoipa sanamu sauti, anairudishia hadhi iliyokuwa nayo kabla haijaandikwa namba.

Sehemu ya pili inahamia Cotonou. Watu wamejipanga barabarani, ngoma zinapigwa, magazeti yanatangaza siku ya kihistoria. Masanduku yanapelekwa Ikulu, ambako wataalamu wanayafungua na kukagua kila ufa na kila kutu. Mandhari yaliyonigusa zaidi si ya wageni rasmi katika mavazi yao ya sherehe. Ni ya mafundi na vibarua wanaosimamisha kazi kidogo na kutazama. Hawasemi lolote. Filamu inawaacha watazame, na subira hiyo ni heshima ambayo hotuba za siku ile hazikuwa nayo.

Kisha unakuja mjadala wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Abomey-Calavi, ambao kwangu ni moyo wa filamu. Mmoja anaeleza jinsi alivyolia alipoviona vitu hivyo. Mwingine anakiri kwamba hakuhisi chochote. Mmoja anaona kurudishiwa vitu 26 kati ya takriban 7,000 ni matusi. Mwingine anasema Macron hakufanya hayo kwa ajili ya Benin, bali kwa ajili ya sura ya Ufaransa. Wapo wanaouliza kuhusu urithi usioshikika: ngoma, maarifa, lugha. Na hayo yote yanasemwa kwa Kifaransa. Mfalme wa mbao anazungumza Kifon kwa ufasaha. Wajukuu wake wanamjadili kwa lugha ya waliomteka. Diop hasemi neno kuhusu tofauti hiyo. Ameziweka sauti mbili katika filamu moja tu, akatuachia sisi aibu. Nami niliyekuwa nikisoma maandishi ya Kiingereza ili kuwaelewa Waafrika wenzangu, sikuwa na pa kusimama nimcheke mtu.

Mpaka hapo nimesifu. Sasa nieleze ninapotofautiana na filamu hii.

Katika Benin kuna mungu anayeitwa Gou, mungu wa chuma, wa wahunzi na wa vita. Sanamu yake mashuhuri, kazi ya fundi Akati Ekplékendo, imetengenezwa kwa chuma na ina kimo cha mtu mzima. Mwaka 1894 ilichukuliwa kutoka Ouidah na afisa wa Kifaransa, ikapelekwa Paris, na tangu mwaka 2000 imekuwa ikionyeshwa Louvre. Gou hakuwamo katika masanduku 26. Wala bao la ramli la Fa, ambalo lilikuwa la Guèdègbé, mpiga ramli wa mfalme, halikuwamo. Jambo hili halikufichwa. Siku ya kutia saini jijini Paris, tarehe 9 Novemba 2021, Rais Patrice Talon alisema mbele ya mwenyeji wake kwamba furaha yake haiwezi kuwa kamili wakati Gou na bao lile vinaendelea kubaki Ufaransa.

Tuyatafakari maneno hayo. Katikati ya sherehe ya shukrani, mgeni anataja kwa majina vitu asivyopewa, na vitu viwili anavyovitaja ni vya dini: mungu mmoja, na chombo cha kuulizia matakwa ya miungu. Kwa desturi za kidiplomasia huo ni ujasiri mkubwa. Kwa mtunzi wa filamu ni zawadi. Lakini filamu ya Dahomey haikumpa Gou sauti. Ilimchagua Ghezo, namba 26, mmoja wa waliopewa tiketi.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwamba ninatenganisha dini na ufalme mahali ambapo havikutenganishwa. Ni kweli. Kati ya vitu 26 zimo asen, madhabahu ndogo za chuma za kuwakumbuka na kuwatambikia wafu wa ukoo wa kifalme. Sanamu za Ghezo mtu-ndege, Glèlè mtu-simba na Béhanzin mtu-papa hazikuwa picha za ukumbusho tu. Zilikuwa na uwezo wa kulinda na kudhuru. Sikatai. Ninachosema ni kwamba ili zipite katika mlango ule wa sheria, zilibidi zitajwe kwa jina jingine. Katika hotuba na magazeti ziliitwa hazina za kifalme. Hazina ni mali, na mali ina mwenyewe, inakadiriwa thamani, inakatiwa bima, inakabidhiwa kwa saini. Mungu hakabidhiwi kwa saini. Diplomasia ni mazungumzo ya dola na dola, na dola inajua la kumfanyia mfalme aliyekufa: inamfanya babu wa taifa. Haijui la kumfanyia mungu ambaye bado ana watu wanaomchinjia.

Na hata huyo babu wa taifa si babu wa kila mtu. Ghezo, aliyetawala kuanzia 1818 hadi 1858, alitajirika kwa biashara ya kuuza binadamu. Mwaka 1886 jeshi la Dahomey liliuvunja mji wa Kétou, mji wa Wayoruba ambao leo umo ndani ya mipaka ya Benin ileile inayosherehekea kurudi kwa wafalme. Kwa mtoto wa Kétou, yule anayeshuka kwenye ndege ni nani? Filamu inamwacha Ghezo aombolezee utumwa wake mwenyewe wa miaka 130, na maombolezo hayo yanagusa. Lakini haimuulizi habari za wale aliowafunga yeye. Ajabu ni kwamba maneno ya Ghezo yameandikwa na Makenzy Orcel, mwandishi wa Haiti, nchi iliyojaa wajukuu wa mateka waliovushwa bahari kutoka pwani hiyohiyo. Katika Haiti mungu wa chuma bado anaitwa Ogou. Alivuka bila sanduku, bila bima na bila balozi, ndani ya vifua vya waliouzwa. Kama kuna kinywa kilichokuwa na haki ya kumuuliza Ghezo swali gumu, ni cha Mhaiti. Nafasi hiyo ilikuwepo, ikapita.

Kwa nini jambo hili linanihusu mimi, mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda? Kwa sababu sisi tulirudishiwa mungu wa vita tangu mwaka 1962, na tunaweza kueleza kilichofuata.

Kibuuka wa Mbaale, katika Mawokota, anasimuliwa Buganda kuwa shujaa kutoka visiwa vya Ssese aliyeitwa na Kabaka Nakibinge kusaidia vita dhidi ya Bunyoro. Alipaa ndani ya wingu, akawapiga adui kutoka juu. Baada ya kuuawa akawa mungu wa vita, na mabaki yake, pamoja na mfupa wa taya, yakahifadhiwa katika hekalu. Hekalu liliteketezwa wakati wa vita vya dini mwishoni mwa karne ya 19. Mwanzoni mwa karne ya 20 mmishonari John Roscoe aliyapata mabaki hayo kwa msaada wa Katikiro Apolo Kaggwa, akayapeleka makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wa uhuru yakarudishwa, yakawekwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala.

Niliviona vitu vya Kibuuka nikiwa darasa la sita. Shule yetu ilisafiri kwa basi kutoka Arua usiku kucha. Mtembezaji wa makumbusho alisimama mbele ya kioo, akaanza kutusimulia habari za wingu na mishale, na kwa sauti yake nilijua kwamba kwake hilo halikuwa somo tu. Mwalimu wetu, ambaye alikuwa mlokole, alituambia tusikodolee macho mambo ya mashetani, twende kwenye magari ya zamani. Tukaenda. Mtembezaji alibaki palepale na sentensi yake ikiwa nusu.

Nimelikumbuka tukio hilo mara nyingi tangu nitazame filamu hii. Simlaumu mwalimu, alifundishwa hivyo, kama nilivyofundishwa mimi. Lakini katika chumba kile mungu mmoja alikuwa na majina matatu kwa wakati mmoja. Kwa mtembezaji alikuwa jjajja. Kwa mwalimu alikuwa shetani. Kwa serikali, iliyoandika kibandiko cha kioo, alikuwa urithi wa taifa. Nami, mtoto wa Arua ambaye si wa Buganda wala wa Bunyoro, sikujua kama niseme yeye ni wangu. Diplomasia ya 1962 ilimrudisha Kibuuka kwa Uganda, dola changa iliyowakusanya pamoja waliopigana chini yake na waliopigwa naye. Haikuwa na namna nyingine: nchi hurudisha kwa nchi. Ila swali la mwenzetu wa safu ya nyuma lilibaki bila jibu, na limebaki kwa zaidi ya miaka 60.

Lugha yetu nayo haitusaidii sana. Kiswahili kina neno moja, sanamu, kwa mtakatifu wa kanisani, kwa kinyago cha dukani kinachovalishwa nguo, na kwa mungu wa mtu mwingine. Tukisema "sanamu ya Gou" mbele ya wasomaji waliolelewa na Biblia au Kurani, tumekwisha kumhukumu kabla ya kufika kwenye kitenzi. Wanafunzi wa Abomey-Calavi walilalamikia Kifaransa chao. Sisi tunaojivunia lugha ya Kiafrika tunapaswa kukagua msamiati wetu pia, kwa sababu tutakapoandika vibandiko vya makumbusho zetu kwa Kiswahili, neno tutakalolichagua litamweka mungu mahali pake au litamfukuza.

Suala hili halijapita. Mwaka 2024 Cambridge ilileta Kampala vitu 39 vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, vingi vikiwa vimekusanywa na Roscoe yuleyule. Vimekuja kwa mkopo wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa. Wataalamu wa pande zote mbili walifanya kazi ya miaka kuvifikisha, na bora vilivyofika kuliko vilivyobaki ghalani. Hata hivyo wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye mali anapoweka saini ya kuazima mali yake, amekiri kwa maandishi kwamba ni ya mwingine. Macron naye alitamka maneno hayo mawili pamoja Ouagadougou: kwa muda au moja kwa moja. Tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya kurudisha na kukataa, kwa kuwa aliyekataliwa bado anaweza kudai, lakini aliyeazimwa hushukuru.

Nirudi kwenye filamu. Katika dakika za mwisho Ghezo anatoka nje, sauti yake inatembea usiku katika mitaa ya Cotonou, kati ya watu wanaokunywa, wanaocheza, wanaolala. Hayumo tena ndani ya namba. Ni mwisho mzuri, na nadhani Diop mwenyewe anajua kwamba ni ndoto, kwa sababu kulipokucha sanamu ilikuwa bado Ikulu, nyuma ya kioo. Filamu hii imetufundisha kuusikia upweke wa kitu kilichorudi. Haikuthubutu kwenda Louvre kumsikiliza ambaye hakurudi, wala kumfikisha aliyerudi mbele ya wale wanaojua bado nyimbo zake.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenzangu ni hili. Wamerudi kwa serikali, kwa kuwa ni serikali iliyowaomba. Hatua hiyo ilikuwa ya lazima, na bila ukaidi wa Benin kuanzia 2016 tungekuwa bado tunasoma barua ya kukataliwa. Lakini kutoka serikalini mpaka kwa watu kuna safari nyingine ambayo hakuna balozi anayeweza kuisafiri kwa niaba yetu. Siku nitakaporudi Makumbusho ya Uganda sitakwenda kwanza kwenye magari. Nitasimama mbele ya Kibuuka na kumwomba mtembezaji, kama bado yupo, amalizie ile sentensi.